Kipimo cha Betri za Baba Jasmine

Jumatatu, 4 Novemba

Daftari hili la kaunta nilinunua niandike siku za kupanda na za mbolea, lakini naona litaanza na betri. Leo saa kumi na moja alfajiri mume wangu, Baba Jasmine, amerudi kutoka bandani na maziwa nusu ndoo, tochi kaishika kwa ncha za vidole kama mtu aliyebeba panya mfu. Akasema mawe ya tochi yamekwisha. Mawe yenyewe nilimnunulia Ijumaa. Nimeiwasha hapo hapo, ikapiga mpaka ukutani. Nikamwambia mbona inawaka.

"Inawaka," akasema, "lakini haimuliki."

Nimefundisha darasa la tatu miaka thelathini na moja. Najua kubishana na mtu wa aina hiyo hakuna kengele ya kutoka. Naandika hapa ili nisiseme kwa sauti.

Mawingu yanajikusanya upande wa Mahongole, kisha yanatawanyika. Bado hatujapanda.

Jumamosi, 9 Novemba

Betri mpya nyingine. Siku tano tu.

Jumapili, 17 Novemba

Mvua ya kwanza imenyesha wakati wa mahubiri, mabati yakapiga kelele mpaka mchungaji akanyamaza akasubiri. Tumeshukuru wote.

Leo ilikuwa zamu ya Baba Jasmine kusoma somo. Alifungua Biblia, akainamisha kichwa, akasoma vizuri sana, ila nilikuwa nafuatilia kwenye ya kwangu na aliruka mistari miwili. Njiani nikamwuliza. Akasema somo lile analijua tangu kipaimara, hana haja ya kulisoma neno kwa neno. Kiburi cha wazee wa kanisa.

Jumamosi, 23 Novemba

Umeme umekatika tangu Alhamisi. Ndiyo kawaida ya mvua za hapa Kitandililo: radi moja, siku tatu giza. Kwa hiyo betri zimekuwa habari ya nyumba nzima.

Baba Jasmine ameamua tununue kipimo. Amesema hatanunua tena betri bila kuipima kwanza, maana Romanus wa dukani Makambako anatuuzia zilizolala. Romanus ni kijana wa Makete, anauza redio, taa, waya na betri karibu na stendi. Mimi namjua kuwa ni mtu wa kuongea taratibu, na risiti anatoa bila kuombwa. Nimesema hivyo. Nikaambiwa siwajui wafanyabiashara.

Kipimo chenyewe cha kwanza ametengeneza mwenyewe: globu ya tochi, vipande viwili vya waya, na plasta. Unashika waya huku na huku, globu ikiwaka vizuri betri nzima, ikiwaka hafifu unatupa. Amekaa barazani mchana kutwa anapima. Zote hafifu. Hakuna hata moja iliyopona. Akazitia kwenye ndoo ya zamani ya rangi chini ya kihenge, maana hataki zitupwe chooni wala shambani, zinaharibu ardhi. Hilo tu ndilo nimekubaliana naye wiki hii.

Jumanne, 26 Novemba

Kupanda. Mgongo.

Jumapili, 1 Desemba

Jana alikwenda mwenyewe Makambako kununua testa. Akarudi na bisibisi. Ile ya mafundi umeme, ya kuchomeka kwenye soketi uone kama kuna moto. Aliomba testa, akapewa testa. Muuzaji wa duka lile hakuwa na kosa. Ameigusisha kwenye betri kumi na mbili, haikuwaka hata mara moja, naye akafurahi kabisa. Akasema umeona, zote zimekufa.

Nilimwambia bisibisi ile inataka umeme wa nyumba, hata ungeigusisha kwenye betri ya lori isingewaka. Hakunisemesha mpaka chakula cha jioni. Wakati wa kula akamimina chai nje ya kikombe, akalaumu kikombe.

Jumamosi, 7 Desemba

Jasmine amekuja kutoka Njombe. Ana duka lake la vifaa vya shule na kutoa nakala, na tangu atimize miaka thelathini na nne anatutembelea kama afisa mkaguzi: anaingia, anakagua, anaondoka. Nilishamlalamikia kwenye simu habari za betri, basi amemletea baba yake kipimo. Ni kidogo, cheusi, kina mkono mmoja unaofunguka na kujifunga kufuata ukubwa wa betri, na mshale juu ya rangi tatu: nyekundu, njano, kijani. Hakina betri yake chenyewe. Nimekipenda papo hapo.

Tukapima tulizonunua wiki hii. Mshale ukaenda kijani moja kwa moja. Baba Jasmine akakichukua, akakisogeza dirishani, akakigeuzageuza, akasema njano. Nikasema kijani. Akasema njano. Jasmine akasema, "Baba, ni kijani." Akasema sisi wawili tumekaa kikao.

Pia Jasmine alileta betri nne za kuchaji. Nazo akazikataa kabla hazijaingia kwenye tochi.

Jumamosi, 14 Desemba

Amegombana mbele ya mji mzima. Sikuwepo, nimesimuliwa na Feliciana, mwenzangu wa kwaya, aliyekuwa dukani kununua taa. Baba Jasmine aliingia kwa Romanus kukiwa na wateja saba au wanane, akamwaga betri juu ya meza ya duka, akasema kwa sauti kwamba kijana huyu anauza betri bandia na anawafanya wazee wajinga. Romanus akampa nyingine bila kujibu. Kutojibu huko kukamwongezea hasira, akasema anajua watu wa Makete wanavyotajirika kwa ndumba.

Hapo mimi niliona aibu hata nikiwa jikoni kwangu. Kaka yangu ameoa Makete. Watoto wa kaka yangu ni akina nani?

Nilimwambia akaombe radhi. Akasema ataomba siku tochi yake itakapomulika.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi. Jasmine hakuja, amesema ana mahesabu ya kufunga mwaka. Mvua kutwa.

Jumatatu, 6 Januari

Mahindi yamefika magotini. Palizi. Baba Jasmine amepalilia mstari wake na kung'oa mahindi pamoja na magugu, hatua kama kumi. Nilipomwonyesha akasema jembe limekuwa butu.

Betri, jembe, kikombe. Katika nyumba hii kila kitu kina kosa isipokuwa mtu mmoja.

Jumamosi, 11 Januari

Feliciana ameniambia watu wa jumuiya yetu hawanunui tena kwa Romanus. Wanapita duka lake wanakwenda la mbele. Mzee wa kanisa akisema bandia, ni bandia. Nilikuwa nachambua mchicha, nikauacha. Niliingia ndani nikamweleza mume wangu kwamba neno lake linamvunjia mtu riziki. Akanijibu kwa upole, na upole wake uliniudhi kuliko makelele: "Mama Jasmine, mimi nimekuwa nyapara wa genge la reli miaka ishirini na sita. Nilikuwa natembea kwenye njia alfajiri na tochi moja, naona ufa wa reli usiozidi unywele. Tochi mbovu naijua."

Nikarudi kwenye mchicha wangu. Kwa kweli ufa alikuwa anauona. Wenzake walikuwa wanasimulia.

Jumamosi, 18 Januari

Romanus amekuja mwenyewe nyumbani. Amekuja na bodaboda kwenye mvua, matope mpaka kiunoni, mfuko wa plastiki kauficha ndani ya koti. "Kamwene, mama," akasema, ametusalimu kwa lugha yetu ingawa si yake. Nikampa kigoda karibu na moto na chai. Baba Jasmine akatoka chumbani akakaa mbali, kama mshtakiwa au kama hakimu, sikujua.

Kijana hakuja kugombana. Alisema amekuja na vipimo viwili, baba achague, na atakachochagua atamwachia.

Cha kwanza kilikuwa mita ya mafundi, yenye waya mwekundu na mweusi na namba kwenye kioo. Akapima betri mpya: moja nukta tano nane. Akapima zile za kuchaji za Jasmine: moja nukta mbili tisa. Baba Jasmine alikuwa ameniomba nimsomee namba, miwani hajui ameiweka wapi. Aliposikia hizo za mwisho akajipiga gotini kwa kiganja. "Umeona? Dhaifu."

Romanus akaeleza kwamba betri za kuchaji zimezaliwa hivyo. Hata ikijaa kabisa haifiki moja na nusu, lakini inafanya kazi sawasawa. Halafu akasema jambo ambalo sikulitegemea kutoka kwa mtu anayejitetea. Alisema baba ana haki ya kuishuku mita. Betri iliyochoka inaweza kuonyesha namba nzuri ikiwa imepumzika, ukiitia kwenye tochi inaanguka. Hata kile chenye mshale huwezi kukiamini sana, vingine vinaikamua betri kidogo mno.

"Baba," akasema, "ng'ombe humpimi kwa ukubwa wa kiwele. Unamkamua."

Kwa hiyo akatoa cha pili. Kinaivuta betri kama tochi inavyoivuta, sekunde chache, ndipo kinaandika asilimia iliyobaki, kwa tarakimu kubwa kama kidole gumba. Kina nafasi ya kila ukubwa. Akapima mbele yetu betri sita alizotoa dukani. Tisini na nane, mia, mia, tisini na saba. Akapima zilizokuwa ndani ya tochi ya Baba Jasmine, zile zisizomulika. Tisini na moja. Tisini na tatu.

Nikamtazama mume wangu.

Mume wangu akasema kipimo hicho kimetengenezwa na walewale wanaotengeneza betri.

Romanus akainuka, akashukuru kwa chai. Kipimo akakiacha juu ya meza. Nilimsindikiza mpaka njiani nikiwa sina uso. Aliniambia jambo moja tu: "Mama, sina neno na mzee. Ila mwenye nyumba ninayopanga anasali kwenu, na ameshaniuliza kama ni kweli."

Jumapili, 19 Januari

Sikwenda ibada. Nimesema naumwa kichwa, na si uongo.

Baba Jasmine alipoondoka nikavuta ile ndoo chini ya kihenge. Nimekaa nayo barazani na kipimo cha Romanus, nikapima moja moja, nikitenga marundo mawili juu ya gunia. Betri arobaini na moja. Saba zilikuwa zimekufa kweli, mbili zimetoa kutu. Thelathini na mbili nzima, nyingi zaidi ya asilimia themanini.

Thelathini na mbili. Nimeyaangalia marundo yale nikaona hasira zinapanda, kisha zinageuka kitu kingine ambacho sikukipenda. Mtu mbishi hukataa kukubali, sawa. Lakini mtu mbishi hanunui betri mpya akazitupa nzima kila baada ya siku nne, na hafanyi hivyo akiwa peke yake bandani, bila mtu wa kumbishia. Nimewaza labda ni akili. Mama yake mdogo aliishia kuwaita wajukuu kwa majina ya ng'ombe.

Nimezirudisha zote kwenye ndoo. Sijasema.

Jumamosi, 25 Januari

Namchunguza. Anajua tarehe, anajua nani amefariki na lini, anakumbuka mimba ya ng'ombe ina miezi mingapi. Akili ni nzima. Basi ni ubishi, na mimi nimechoka.

Jumatatu, 3 Februari

Mbolea ya kukuzia tumemaliza. Leo amempita Feliciana njiani bila kumsalimu. Feliciana amenuna.

Jumatano, 12 Februari

Naandika kwa mpangilio, kama ilivyotokea.

Tulikwenda Makambako, mimi kusaga, yeye kununua chumvi ya ng'ombe. Saa saba mchana. Mvua ilikuwa imekatika, jua kali, lami inafuka moshi. Tulikuwa tunavuka barabara kuu karibu na njia panda. Tumefika katikati, mimi nikasimama, kwa sababu upande wa kushoto lilikuwa linakuja lori la mbao, kubwa, wala halikujificha. Yeye hakusimama. Aliendelea kutembea kama anayeingia sebuleni kwake.

Honi ikalia. Akageuza kichwa, lakini hakukigeuzia lori. Aligeuka upande wa kulia, akitafuta. Nikamvuta kwa koti, vifungo viwili vikaruka, tukaanguka wote kwenye mstari mweupe. Unga wangu ukamwagika. Lori lilipiga breki likapinda, likasimama hatua ishirini mbele.

Dereva akashuka. Nilijiandaa kutukanwa. Alikuwa mtu wa Zambia, Kiswahili chake cha njiani. Akamwinua mume wangu, akampangusa magoti, akamtazama usoni, akapitisha kiganja polepole mbele ya jicho lake la kushoto. Jicho halikupepesa. Akanigeukia.

"Mama, huyu mzee haoni."

Ilikuwa saa saba mchana. Hakuna anayewasha tochi saa saba mchana.

Nimeishi na mtu huyu miaka thelathini na minane. Dereva amemwona dakika moja.

Alhamisi, 13 Februari

Asubuhi nilikamua mimi. Alikaa kitandani akasikiliza ndoo.

Mchana tulikuwa jikoni, mimi namenya viazi, yeye amekaa kwenye kigoda. Sikupanga kuuliza kwa ukali, lakini ndivyo ilivyotoka. Nikamwuliza tangu lini.

Akasema tangu kabla ya mavuno ya mwaka jana. Kwanza ukungu kwenye jicho la kulia, kama kioo cha dirisha kilichopigwa na mvuke. La kushoto halikuwa na ukungu, lilikuwa linafunga tu, kutoka pembeni kuja katikati, kidogo kidogo, halikuuma. Alifikiri ni uzee. Halafu alfajiri moja bandani akawasha tochi akaona mwanga kama wa kaa la moto linalozimika, na akajiambia betri zimekwisha. Akanunua nyingine. Siku ya kwanza alijiona anaona vizuri zaidi. Siku ya tatu, giza.

Baba yake alipofuka akiwa na miaka hamsini na tisa. Hilo nalijua, lakini nilimkuta mkwe wangu akiwa tayari kipofu, sikuona alivyofika hapo. Mume wangu aliona. Alikuwa ndiye anayemwongoza kwa fimbo kwenda chooni, miaka kumi na tano, na anakumbuka mzee yule alivyokuwa anauliza kila mtu anayeingia, wewe nani, wewe nani.

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia hata siku Romanus alipokuja na kipimo.

"Kila kipimo kilipoletwa nilikuwa namwomba Mungu kiseme betri ndiyo mbaya," akasema. "Kingesema hivyo mara moja tu, ningekuwa mzima."

Nimeendelea kumenya viazi mpaka sufuria ikajaa vya watu kumi.

Jumatatu, 17 Februari

Njombe, hospitali. Tumefika saa mbili, tumeonwa saa tisa. Nililalamika kwa kila aliyepita na koti jeupe, mpaka Baba Jasmine akaniambia ninyamaze, mimi ambaye yeye amenilalamikia betri msimu mzima.

Daktari ni mwanamke wa makamo, anasema mambo mara moja tu. Jicho la kulia lina mtoto wa jicho, linapasuliwa, litaona. La kushoto lina presha ya macho. Presha imekula mshipa unaopeleka picha kichwani, na kilicholiwa hakirudi. Kimebaki kijipenyo kidogo. Atapewa matone ya macho yote mawili ili kilichopo kisiondoke.

Niliuliza kama tungekuja mapema ingekuwaje. Alisema asingependa kujibu swali hilo. Nikasema mimi ni mwalimu, nataka jibu. Akasema mwaka mmoja nyuma kungekuwa na kitu cha kuokoa.

Hata miezi miwili nyuma mimi nilikuwa bado nabishana naye kuhusu kikombe.

Jasmine alikuja kutusindikiza stendi. Alilia kidogo, akatazama saa.

Jumatano, 5 Machi

Walimpasua jana. Leo asubuhi wamemfungua kitambaa. Muuguzi akamwonyesha vidole amwambie vingapi. Mume wangu hakuvitazama vidole. Alikuwa anatazama nyuma ya muuguzi, ukutani, muda mrefu.

"Ukuta huu una ufa," akasema. "Kuanzia dirishani mpaka chini."

Nikatazama. Ufa upo, mwembamba. Mimi nilikuwa nimekaa mbele yake siku mbili sikuuona.

Jumamosi, 15 Machi

Leo amekwenda kwa Romanus, na mimi nikamfuata ingawa hakuniomba. Alisubiri mpaka duka likapata watu. Akavua kofia. Alisema mbele yao kwamba betri za kijana huyu zilikuwa nzima siku zote, kwamba macho yake mwenyewe ndiyo yaliyokuwa yamekwisha, na kwamba maneno aliyosema juu ya watu wa Makete hayana hata ugonjwa wa kusingizia. Hayo alisema akiwa mzima, na anayaombea radhi ya peke yake.

Romanus hakujua aweke wapi mikono. Mwishowe alisema, "Yamekwisha, baba. Karibu ukae." Akampa kiti chake cha dukani. Wamekaa wakazungumza habari za reli mpaka nikaanza kuudhika kwamba tutachelewa gari.

Kesho atalisema pia kanisani wakati wa matangazo. Ameshamwomba mchungaji nafasi.

Jumamosi, 22 Machi

Tumerudi hospitali kuangalia jicho. Zuri. Wakati tunatoka daktari akauliza tuna watoto wangapi. Nikasema mmoja. Akasema presha ya macho inatembea kwenye damu: babu, baba. Mtoto apimwe, hata kama haoni tatizo, hasa kama haoni tatizo.

Nimempigia Jasmine hapo hapo mlangoni. Akasema macho yake ni mazima, anasoma maandishi madogo ya kopo la toneri, wino wa mashine, bila miwani. Atakwenda muda ukipatikana.

Jumanne, 25 Machi

Nimempigia. Shule zinaagiza mitihani, ana foleni ya kutoa nakala.

Ijumaa, 28 Machi

Nimempigia. Mashine imeharibika, anasubiri fundi.

Jumatano, 2 Aprili

Nimempigia. Mashine imepona, kwa hiyo hana nafasi. Nimekata simu nikaitupa kwenye kapu la nguo. Huyu mtoto tumemzaa wawili, lakini ubishi ni wa upande mmoja.

Jumatatu, 7 Aprili

Leo Baba Jasmine ameniambia nivae, tunakwenda Njombe. Sikuuliza. Mvua imepungua sasa, ni ukungu tu asubuhi na baridi inayoanza kung'ata vidole.

Tumeingia dukani kwa Jasmine saa tatu. Kulikuwa na walimu wawili wanasubiri. Baba yake akawasalimu, akawaomba radhi, akaenda nyuma ya meza akazima mashine ya nakala kwenye swichi. Jasmine akasema, "Baba, nina kazi."

"Mimi nilikuwa na betri," akasema. "Nilikuwa na betri mbovu, na duka bovu, na jembe butu. Nililetewa vipimo vyote vilivyoko Njombe na Makambako, na kila kimoja nilikiona kina kosa. Hili jicho la kushoto, mwanangu, limefunga nikiwa nina kazi."

Hakupaza sauti. Mmoja wa walimu wale akachukua karatasi zake akasema atarudi kesho.

Jasmine akatazama mashine, akanitazama mimi kama kwamba ndiye niliyemtuma baba yake. Sikuwa nimemtuma. Kisha akachukua sweta.

Tulikaa kwenye benchi lile lile la hospitali. Walimwekea kidevu kwenye chombo cha kupimia macho, jicho la kulia, halafu la kushoto, halafu wakarudia la kushoto. Nilihesabu vigae vya sakafu. Daktari akatuita wote watatu ndani, nikajua.

Presha imepanda, macho yote mawili. Mshipa umeanza kuguswa upande wa kushoto, kidogo sana, pembeni. Mwenyewe asingegundua kwa miaka mingine mitano au sita, na akigundua angekuwa tayari amechelewa. "Umekuja wakati wake," akamwambia Jasmine. "Ukitumia matone kila siku, utazeeka ukiona."

Jasmine akauliza kila siku mpaka lini. Daktari akasema mpaka utakapozikwa.

Nje, Jasmine aliegemea ukuta na chupa ndogo mkononi, akasoma maandishi yake madogo bila miwani, mara mbili. Baba yake alisimama upande wake wa kushoto, akamshika kiwiko.

Jumatatu, 14 Aprili

Matone ni saa moja jioni. Baba Jasmine anampigia kila siku saa moja kasoro dakika tano, na hakati simu mpaka asikie ameshadondoshea jicho la pili. Jana Jasmine amenipigia mimi kunishtaki kwamba baba anamsumbua, anamwita kama mtoto wa chekechea, mbele ya wateja. Nimemsikiliza mpaka akamaliza. Nikamwambia kesho atapigiwa tena.